Ulemavu usioonekana kwa macho

Nimesoma makala kuhusu posho ya ulemavu. Mwandishi wake ameeleza vizuri kwa nini maombi ya posho hiyo ya wenye maradhi ya akili hukwama, ila amepita mbio kwenye hofu yenyewe ya kuomba. Mimi naishi na sonona, ugonjwa wa akili wa huzuni nzito inayodumu. Fomu inauliza: unaweza kuoga, kupika, kutoka nje peke yako? Ndiyo au hapana. Nijibu nini? Leo naweza, keshokutwa nashinda kitandani na sufuria chafu iko pale pale. Siku ya kuhojiwa unajikaza, unavaa shati safi, unawahi, na anayekuhoji anaandika: "nadhifu, anajieleza vizuri." Kule kujikaza ndiko kunakokuponza! Ukiangua kilio nako, utaonekana unaigiza.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 unataja matatizo ya akili ya muda mrefu katika ibara ya 1, na ibara ya 28 inahusu hifadhi ya jamii. Kwa hiyo tusiombe kama watu wanaoomba hisani.

Anayejaza fomu sasa hivi asieleze siku zake nzuri tu. Andika siku mbaya huja mara ngapi, nani hukukumbusha dawa, na asipokuwepo inakuwaje. Kwa kawaida jina la ugonjwa peke yake halitoshi. Wanataka kujua unaishije nao. Daktari naye aandike hayo hayo, maana barua ya mstari mmoja, "ana sonona," haisaidii kitu. Ukikataliwa, ulizia mwisho wa kukata rufaa siku hiyo hiyo, kabla hujaanza kujilaumu.