Kona Nyeupe Kulia, Jamani

Kuna picha inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp tangu juzi: uzinduzi wa mashindano ya sataranji (chess) ya vijana, huku kwetu Pemba. Mgeni rasmi kakaa kitako, kanzu na koti, kidole keshakiweka juu ya askari wake wa kwanza. Nyuma bango kubwa, maji ya chupa, viongozi wanachekelea. Na ubao umekaa ubavu. Kona ya mkono wake wa kulia, inayotakiwa iwe nyeupe, ni nyeusi tititi! Umati wote ule, na hakuna aliyenyanyua mdomo.

Nikaandika chini ya picha kwamba ubao umewekwa vibaya. Nikajibiwa: "Ni mchezo tu, mbona mkali hivyo?"

Mchezo tu. Haya, nenda barazani pale Chake Chake, keti kwenye bao la wazee, utie kete saba nyumbani, lile shimo kuu, badala ya sita, kisha uwaambie ni mchezo tu. Bao kila mtu anajua linavyoanza: sita nyumbani, mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata kulia, 22 zibaki mkononi za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja. Mtoto akikosea hapo atafokewa hata na babu asiyemjua jina. Lakini sataranji, kwa kuwa inakuja na boksi lake kutoka dukani, ndiyo ipangwe vyovyote?

Na wala si kona yenyewe inayonikera, ni balaa linaloifuata. Mtoto anafundishwa apange ngome pembeni, kisha farasi, kisha askofu, katikati wabaki wawili. Hapo anaambiwa: malkia hukaa kwenye rangi yake, mweupe kwenye mraba mweupe, mweusi kwenye mweusi. Kanuni nzuri sana, ila inataka ubao uwe umekaa sawa kwanza. Ubao ukiwa ubavu, kanuni hiyo hiyo inamtia malkia mweupe kulia kwa mfalme, na mahali pake ni kushoto. Mwalimu akija kumwambia mtoto amfiche mfalme kwa ngome ya karibu, iliyoko kulia, mtoto anatazama kulia, ngome ya huko ndiyo ya mbali. Atajiona mjinga, maskini, na si yeye mjinga. Na kama ubao una herufi na namba, basi a mpaka h zilizotakiwa ziwe mbele yake zinampandia ubavuni, hata hatua zake hawezi kuziandika.

Kibaya zaidi ni pale mmoja anapopanga kwa rangi na mwenzake kwa kukumbuka tu kwamba malkia mweupe hukaa kushoto kwa mfalme. Hapo malkia mweusi anaishia kumkodolea macho mfalme mweupe, wakati ilivyo ni mfalme kwa mfalme, malkia kwa malkia. Askari wa katikati wakiondoka tu, mtu anapigwa shaha, mfalme wake kashambuliwa, kwenye mchezo ambao si sataranji wala si drafti. Hayo nimeyaona kwenye mashindano ya skuli, na mwamuzi kasimama pembeni anatazama saa.

Sawa, nitakubali moja: wote wawili wakimweka malkia upande wake wa haki bila kujali rangi, mchezo unakwenda vile vile hata ubao ukiwa ubavu. Kete haioni rangi. Na yupo aliyeniambia kwamba sataranji ya kale ya Waajemi na Waarabu ilichezewa ubao usio na rangi mbili kabisa. Kweli. Lakini enzi hizo malkia naye hakuwepo. Alikuwepo waziri, mwendo wake mraba mmoja wa mshazari, basi. Ukitaka kurudi huko rudi na sheria zote, usichague unayoitaka.

Zile seti za kuchonga zinazouzwa Mji Mkongwe sizisemi. Mfalme na malkia sura moja, kimo kimoja. Nunua ukapambie kabati.

Walimu wangu, nakuombeni. Kabla hamjatoa hata kete moja kwenye boksi, mtoto aweke kiganja cha kulia juu ya kona ya kulia iliyo karibu naye. Akiinua akakuta kona nyeusi, ageuze ubao robo mzunguko. Ndipo aanze na ngome zake, na malkia aje baadaye. Aliyekaa mbele yake hana haja ya kukagua upya, kwa sababu kona ya huku ikiwa nyeupe, ya kulia kwake nayo ni nyeupe.