Kabla hujanunua kompyuta nyingine

Mhariri wa video akilalamika kwamba picha inakwama kwenye taimulaini, ushauri unaomfikia kwanza ni wa dukani: ongeza RAM, nunua kadi kubwa ya picha, hiyo mashine yako imezeeka. Mara nyingi ni hela ya kutupa. Kompyuta hiyo hiyo ingekata sendofu ya saa sita bila kuhema kama mafaili yangeandaliwa kabla ya mkato wa kwanza. Tunaruka hatua hiyo kwa sababu tuna haraka, halafu tunailipia kila tunapobonyeza kitufe cha kucheza.

Chanzo ni jinsi kamera inavyobana picha. H.264 na H.265, njia mbili za kubana video zinazotumiwa na kamera nyingi, huandika fremu (picha moja kati ya zile zinazounda video) moja nzima, kisha zile zinazofuata huandikwa tofauti zake tu: mkono umesogea hapa, ukuta umebaki vile vile. Kundi moja laweza kuwa na fremu 12, 25 au zaidi. Ukiweka mshale kwenye fremu ya 20, prosesa hailioni jibu pale pale. Inarudi kwenye ile nzima, inajenga nyingine zinazoitegemea, moja baada ya moja, mpaka ifike. Ukirudi nyuma fremu tatu, hesabu inaweza kuanza upya. Ndiyo maana klipu inateleza vizuri kwenye VLC, inayocheza kwenda mbele tu, halafu inagoma kwenye programu za uhariri kama Premiere au Resolve, ambako siku nzima unarukaruka. Kubana namna hii ni kwa faida ya kadi ya kamera. Mhariri hakufikiriwa.

Hapo ongeza rangi ya 4:2:2 ya biti 10, yaani yenye taarifa nyingi zaidi za rangi, ambayo kamera nyingi za Sony na Canon za miaka hii hurekodi kwa H.265. Kadi za Nvidia hazikuwa na kifaa cha ndani cha kuifungua mpaka zilipokuja kadi za RTX 50 mwaka 2025. Intel inaifungua kwa sehemu ya picha iliyo ndani ya prosesa zake tangu kizazi cha 11, na Apple tangu chipu ya M1. Kwa hiyo mtu anaweza kununua kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Ryzen na kadi ya RTX 3060, kubwa kama kabati, akaiona inapitwa na MacBook Air ndogo ya M1 kwenye klipu zile zile. Nguvu ipo, ila haina mlango wa kupitia.

Dawa ni proksi: nakala nyepesi za klipu zote, ambamo kila fremu inasimama peke yake. Unakata kwa nakala, unatoa kazi kwa klipu halisi. Kwenye Mac tumia fomati ya ProRes 422 Proxy, kwenye Windows DNxHR LB. ProRes Proxy ya 1920 × 1080 kwa fremu 25 ni kama megabiti 38 kwa sekunde, yaani karibu GB 17 kwa saa moja ya picha. Kamera mbili zikirekodi saa sita kila moja, andaa GB 204. Ukishusha hadi 1280 × 720 unatumia chini ya nusu ya hapo, na kwa kukata 720 inatosha kabisa. Uso wa bibi harusi bado unauona kama umefumba macho au la. Hata ukipanga kamera nne pamoja, za 1080, diski inasomwa kwa MB 19 tu kwa sekunde, kazi ambayo hata diski ya kuzunguka inaiweza.

Proksi nazo zina mitego. Premiere itazikataa kama idadi ya njia za sauti hailingani: kamera imerekodi nne, wewe umetengeneza proksi yenye mbili. Kasi ya fremu lazima iwe ile ile, na jina la klipu lisiguswe. Wanaozitengeneza nje ya programu, kwa programu za kugeuza video kama HandBrake au ffmpeg, ndio wanaoumia zaidi hapa. Kama hujui sababu ya kutoka nje, zitengeneze ndani ya programu unayokatia.

Mtego mbaya kuliko yote unakuja mwishoni. Resolve ikiambiwa ipendelee proksi, na diski yenye klipu halisi ikawa imechomolewa, itakuonyesha proksi kwa furaha na wewe hutahisi lolote. Ukipitiwa wakati wa kutoa, mteja anapata picha ya 720 iliyovutwa ikafika 4K, laini kama imepakwa mafuta. Kabla ya kutoa, rudisha mpangilio kwenye klipu halisi, kisha kuza sehemu yenye nywele au maandishi madogo na ukague kwa macho.

Sasa simu. Leo karibu kila shughuli ina klipu za simu, na hizo zina ugonjwa wao: kasi ya fremu isiyotulia. Umeweka fremu 30 kwa sekunde, lakini mwanga ukififia simu inapunguza, ukirudi inapandisha. Programu ya uhariri inataka kasi moja, hivyo inakisia. Hotuba ya dakika 40 inaanza midomo na sauti vikiwa pamoja, ikifika kwenye shukrani vimeachana. Wengi hukata sauti vipande vipande na kuivuta kwa mkono. Huko ni kufuta maji huku bomba likiwa wazi. Fungua klipu kwenye MediaInfo, programu inayosoma taarifa za faili, uangalie mstari wa kasi ya fremu. Ukiona neno Variable, igeuze kwa amri hii ya ffmpeg kabla haijaingia kwenye mradi:

ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=25 -c:v prores_ks -profile:v 1 -c:a pcm_s16le simu.mov

Itakayotoka ni ProRes LT, kama GB 38 kwa saa ukiwa kwenye 1080. Faili jipya ndilo litakalokuwa klipu yako halisi, wala usilichanganye na proksi. Kumbuka kwamba kutoka 30 kwenda 25 unatupa fremu tano kila sekunde, kwa hiyo anayecheza muziki ataonekana anadundadunda kidogo. Iphone inaruhusu kuchagua 25 kwenye mipangilio ya kamera ukiwasha fomati za PAL. Mwambie mpigaji mapema.

Kwa nini nang'ang'ania 25? Umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa nyingi za ukumbini hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, ya 1/50 au 1/100 ya sekunde inakubaliana nazo. Ya 1/60, ambayo wanaorekodi fremu 30 hurithi kwenye video za mafunzo za Marekani, huleta mistari inayopanda na kushuka ukutani, na kuisafisha baadaye ni adhabu. Resolve pia inafunga kasi ya mradi ukishaingiza klipu ya kwanza, basi chagua 25 kabla hujaburuta chochote.

Kuhusu kadi za kamera sitasema mengi, ila hili linaniudhi: watu wanabishana usiku kucha kuhusu LUT (faili la kubadili rangi za video) ipi inatoa rangi ya dhahabu wakati picha za harusi ziko kwenye diski moja tu. Nakili kadi nzima na mafolda yake yote, usichague klipu, maana kamera nyingine huweka taarifa pembeni na programu huzihitaji. Kuburuta kwa mausi hakuhakikishi kwamba kilichofika ni kile kilichotoka. Resolve ya bure ina Clone Tool inayolinganisha nakala na asili kwa hesabu. Nakala mbili kwenye diski mbili tofauti, ndipo kadi ifutwe. Angalia pia waya: kadi ya GB 128 kupitia USB 2.0 ni saa nzima, kwa USB 3 na kisomaji kizuri ni dakika chache. Diski nyingi za nje hutumia exFAT, mfumo wa kupanga mafaili ambao haina kumbukumbu ya kujirekebisha, hivyo umeme ukikatika katikati ya kuandika yaweza kuharibika. Mradi wenyewe uweke kwenye diski ya ndani.

Wakati wa kukabidhi, sauti ya YouTube lenga karibu LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti) na kilele kisipite -1 dB. Runinga zinazofuata kanuni ya EBU R128, ya watangazaji wa Ulaya, hutaka LUFS -23. Mteja akidai video kwenye WhatsApp, itume kama hati, si kama video, la sivyo itabanwa tena na rangi zote zichubuke; hati inaruhusiwa hadi GB 2. Dakika 20 za 1080 kwa megabiti 10 ni GB 1.5, zinaingia.

Je, kompyuta mpya haihitajiki kamwe? Inahitajika kwa anayeondoa chembechembe za picha ya gizani au kupanga rangi tabaka kwa tabaka, kwa sababu kazi hizo hufanyika kwenye klipu halisi na kadi ya picha ndiyo inayobeba mzigo. Kwa wengine wote, hela ya kwanza iende kwenye SSD ya nje ya TB 1 yenye USB 3, ya pili kwenye diski ya nakala. Proksi zianze kutengenezwa usiku, chaja ikiwa imechomekwa na usingizi wa kompyuta umezimwa. Ukisahau hilo la usingizi, asubuhi utakuta klipu ya nne ndiyo ya mwisho.