Sadaka ya foleni, mtu wa kigari anaipata vipi?

Mie nina neno na hivi tunavyowagawia watu wenye ulemavu chakula cha sadaka hapa kwetu Zanzibar, na nalisema sasa kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, maana ukishaandama kila mtu anakuwa mfadhili na hakuna anaesikiliza.

Tunajua wote inavyokuwa. Ramadhani ikikaribia zinaanza kuja zile pakiti, mchele, unga wa ngano, sukari, mafuta, tende, zinatoka kwa taasisi za nje, kwa wafanyabiashara, kwa waheshimiwa wa majimbo, na Alhamdulillah zinakuja kweli, sisemi haziji. Linatangazwa kwa spika ya msikiti au linapita kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, watu wanaambiwa wafike uwanja wa skuli saa tatu, saa tatu inakuwa saa sita kwa sababu mgeni rasmi hajafika, jua la utosi, watu na saumu zao, foleni inaanza vizuri halafu inageuka msukumano. Mwenye mbavu anapata. Mwenye vijana wa kumbebea anapata, pengine anapata mara mbili. Sasa asieona anasimama wapi pale? Wa magongo je?

Nna ndugu yangu, mtoto wa ami, yuko Pemba upande wa Wete, kijiji sikitaji. Alianguka mkarafuu akichuma, uti wa mgongo ukaumia, miguu tena haina kazi. Kigari cha kukalia cha magurudumu anacho, kizuri tu, alipewa. Lakini kutoka kwao mpaka barabarani ni njia ya mawe na mitaro ya mvua, kigari hakipiti, kwa hivo akitaka kwenda popote lazima abebwe mgongoni mpaka kwenye lami halafu ndo apandishwe boda au bajaji, na hiyo bajaji kwenda na kurudi inamla karibu nusu ya thamani ya hicho anachokwenda kuchukua. Nilimuuliza mbona jina lako lipo kwa sheha na huendi. Akanambia, "Dada, mie mtu mzima na wanangu, nibebwe mgongoni mpaka skuli, watu wote wananiona, kwa ajili ya polo la mchele? Bora nshindie muhogo wangu."

Basi akaona atume mtu. Kijana akaenda na kitambulisho cha mwenyewe, wagawaji wakasema hapana, mwenyewe aje tumuone. Ati kuna udanganyifu. Sawa udanganyifu upo, nani hajui, ila nyie mnamdai mtu aliepooza aje kuthibitisha kuwa kapooza! Mara nyengine walimkubali yule kijana, polo likafika limepungua, maana mbebaji nae anajilipa njiani, na hapo utasema nini wakati wewe mwenyewe huna mguu wa kwenda, unashukuru tu.

Halafu hao angalau wanasikia tangazo. Kiziwi spika ya msikiti inamsaidia nini? Anajua kuna sadaka anapoona jirani anarudi na polo kichwani, akifika uwanjani yanapakiwa maturubali. Ujumbe wa simu ungetosha kabisa, meseji moja, au mtoto wa jirani apite kumuoneshea kwa mkono. Hatufanyi kwa sababu hatukumfikiria, si kwa sababu ni ghali.

Na kuna kina mama wenye watoto wa mtindio wa ubongo, hawa ndo wananiumiza zaidi. Mama hawezi kumuacha mtoto peke yake, na hawezi kwenda nae akakaa nae juani masaa matatu, kashakuwa mkubwa, mzito, anabebwa. Na akibahatika akaipata hiyo pakiti, ndani mna nini? Mchele. Mtoto hamezi wali, anataka uji mlaini, anataka maziwa, na mama anachohitaji kuliko vyote pengine ni nepi za mtu mkubwa na hizo hakuna mfadhili aliewahi kuziweka kwenye pakiti, hazipendezi kwenye picha. Au yule mzee aliekatwa mguu kwa maradhi ya sukari, anakabidhiwa kilo zake za sukari na kila mtu anapiga makofi. Wallahi nimeliona kwa macho yangu, na hakuna hata mmoja alieshituka.

Tumezoea kuona umasikini wa mlemavu na umasikini wa mtu mwengine ni kitu kimoja, wote wapewe mchele basi, na si hivo. Nyumba yenye mlemavu pesa ile ile inatoka njia nyingi zaidi, usafiri, dawa, msaidizi, kigari kikivunjika gurudumu huku dukani huzipati spea, na juu yake kuna mtu mmoja wa pili ambae hafanyi kazi kwa sababu anamuuguza. Kwa hivo polo lile lile la kilo 25 haliwi msaada ule ule.

Sasa picha. Hapa ntasema kidogo watu wakasirike. Nyie mnaopiga picha, mbona wakati wa kupiga picha mlemavu anawekwa mbele kabisa? Kigari kinasukumwa mpaka kwenye bango, mheshimiwa anainama, polo linawekwa mapajani kwa mtu, kamera inalia, na picha ikishapatikana yule mtu anasogezwa pembeni na foleni inaendelea bila yeye. Jioni yuko kwenye kila grupu la wasap, sura yake wazi, wanawe wanaiona skuli. Na wagawaji hao hao wanaijua Suratul Baqara aya ya 264 kuliko mimi, inayokataza sadaka kuharibiwa kwa masimbulizi na maudhi, wanaisoma kwa sauti nzuri kabisa kabla ya kugawa. Mtaniambia mfadhili wa nje anataka ushahidi bila hivo hatoi tena. Mpigieni picha magunia. Mpelekeeni orodha ina saini na alama za vidole. Mfadhili anaetaka lazima aone uso wa mtu mwenye njaa ndo aamini, huyo nae tumuulize anataka nini.

Watu wanadhani wenzetu Ulaya hili wameshalimaliza. Hebu tazama Uingereza. Kule kuna benki za chakula, unapewa vocha na daktari au ofisi ya ustawi, unaipeleka kwenye kituo unapewa chakula cha siku kama tatu hivi. Mtandao mkubwa kabisa, Trussell, ulianzia mji wa Salisbury mwaka 2000, na mwaka wa 2023/24 peke yake waligawa zaidi ya vifurushi milioni 3, nchi tajiri ile. Na katika utafiti wao wenyewe, watu wanaopelekwa kwenye vituo vyao zaidi ya sita katika kila kumi ni wenye ulemavu. Maana yake nini, nchi yenye posho za ulemavu, yenye mabasi yanayoshusha ubao wa kupandishia kigari, mlemavu ndo bado yuko mbele kwenye njaa. Na malalamiko yao ukiyasikiliza utacheka kwa uchungu, kituo kiko ghorofani, mifuko mizito hakuna wa kubeba, kinafunguliwa masaa mawili kwa wiki na siku hiyo ndo ya hospitali, fomu nyingi, kuulizwa maswali mbele za watu. Ni yetu haya haya ila kwa baridi.

Lakini wapo walioanza kufikiri. Kuna vituo vinapeleka nyumbani. Kuna vinavyouliza kwanza, una jiko? unaweza kusimama ukapika? na kama mtu ana birika la umeme tu wanamfungia vitu vya kutiwa maji moto. Swali dogo hilo, "unapikaje?", mie huku sijawahi kulisikia likiulizwa.

Na sisi kigezo tunacho cha kwetu wenyewe, hatuhitaji kukiagiza. Pensheni jamii ilipoanza Zanzibar 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliefika miaka 70, nini kilichoifanya watu waipokee bila kuona haya? Ni kwamba haikuuliza nani masikini. Bibi wa Michenzani mjini Unguja na bibi wa Micheweni kule Pemba wote wanapata, mwenye mtoto Muscat anapata na asie na mtu anapata, kwa hivo hakuna anaeonekana kaenda kuomba. Ndugu yangu wa mkarafuu lakini hajafika hata 45, pensheni hiyo haimuhusu. Sheria ya watu wenye ulemavu Zanzibar tunayo tangu 2006 na ikaja mpya 2022, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu nchi iliuridhia 2009 na mnatajwa chakula ndani yake, kifungu cha 28. Makaratasi hayatushindi sisi. Inatushinda njia ya mawe.

Na tuna ile ya kupelekeana futari. Jirani anakuletea sahani imefunikwa kawa, hakuulizi umekosa nini leo, na kesho sahani yake hairudi tupu. Ndio maana mie siungi mkono moja kwa moja wanaosema basi walemavu wote wapelekewe nyumbani tumalize. Wengine wanataka kutoka! Kuna dada mmoja asieona hapa Mwanakwerekwe alinijibu vizuri, akasema mkiniletea kila kitu mlangoni mtakuwa mmenifungia ndani kwa heshima, mie nataka kwenda dukani nichague mwenyewe, nipapase viazi, nibishane bei. Basi mpeni kikaratasi cha kuchukulia duka la mtaani kwao, achukue dagaa, achukue unga wa dona, achukue sabuni. Pesa kwa simu nayo nzuri, ila ulizeni kwanza simu ni ya nani, nyumba nyengine simu ya mlemavu iko mfukoni mwa mjomba na pesa ikiingia inaishia huko huko.

Kuuliza huko lakini kunataka mtu wa kuuliza, na hapa ndo pana tatizo letu hasa. Kamati zetu za sadaka zimejaa wanaume wazima wenye miguu yao miwili, watu wema, sina ugomvi nao, ila hawajawahi kusukuma kigari kwenye mchanga. Jumuiya zipo, UWZ, umoja wa watu wenye ulemavu Zanzibar, iko tangu miaka ya 80, wasioona wana yao, viziwi wana yao, mpaka Pemba wana ofisi. Wanaitwa siku ya kugawiwa. Siku ya kupanga hawaitwi. Nakumbuka tulivyosomeshwa madrasa kisa cha Suratu Abasa, kipofu yule, Abdullah bin Ummi Maktum, aliemjia Mtume akiwa na wakubwa wa Makka, Mtume akakunja uso, aya zikashuka kwa ajili yake, na siku zote mwalimu anaishia pale aya zilipoteremka. Sasa endelea mbele, alikuja kuwa muadhini, na Mtume s.a.w. akisafiri alimuacha yeye kusimamia Madina. Mji mzima! Sisi kamati ya kugawa polo hamsini za mchele tunaona kipofu hawezi.

Mwaka huu mtaani kwetu nimewaambia wazi, sitochanga mpaka nione kwenye kamati kuna watu wawili wenye ulemavu, na mmoja awe mwanamke, na wawemo kabla mchele haujanunuliwa ili waseme nini kinunuliwe. Mifuko iwe ya kilo 5 badala ya 25, mtu aweze kuipakata kwenye kigari chake. Viti na kivuli viwepo kwa kila mtu anaechoka, si "foleni ya walemavu" peke yao waonekane kama maonesho. Mzee mmoja wa kamati akaniuliza, mwanangu, na hiyo nauli ya bajaji ya kuwapelekea wasioweza kuja itatoka wapi, bajeti imeshajaa. Nikamwambia, mzee wangu shikamoo, mwaka jana tulichapisha mabango matatu.