Adabu ya Wodini Hufundishwa Wodini

Kwenye mabaraza ya Ngamiani, Tanga, habari ya daktari mwenye kauli kali humalizwa haraka: hakulelewa vizuri kwao. Kwa maneno hayo chuo na hospitali huvuliwa lawama, na somo la maadili huonekana kumpotezea muda mtu aliyekwisha kusoma udaktari miaka 5.

Hoja hiyo ina uzito. Daktari tarajali, yaani mhitimu aliye katika mwaka wa mazoezi, aliyekesha zamu, foleni ikimngoja, hawezi kuongezewa subira kwa mhadhara, na wanaodai watumishi waongezwe kwanza hawajakosea.

Hata hivyo, Maxine Papadakis na wenzake, katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005, waliwalinganisha madaktari 235 walioadhibiwa na mabaraza ya taaluma na wenzao 469 ambao hawakuadhibiwa, wote wahitimu wa vyuo 3. Asilimia 39 ya walioadhibiwa walikuwa na kumbukumbu za mwenendo mbaya tangu chuoni, na wenzao asilimia 19. Dosari iliyohusiana zaidi na adhabu za baadaye ilikuwa kutowajibika. Wapo wanaoziona takwimu hizo kuwa ushahidi kwamba tabia haibadiliki. Lakini zaidi ya nusu ya walioadhibiwa hawakuwa na doa lolote chuoni: ama halikuonekana, ama liliwapata kazini. Na wale asilimia 19 walikuwa na doa, lakini hawakufikia kuadhibiwa.

Jinsi doa linavyopatikana kazini nimeishuhudia nikimuuguza mama mdogo katika wodi moja mkoani humu. Daktari aliyeongoza raundi alifunua shuka la mgonjwa bila neno, akawaeleza tarajali wanne ugonjwa wake kana kwamba mwenyewe hayupo. Jioni, mmoja wao akamfanyia mama mdogo vilevile. Wiki iliyofuata aliongoza daktari bingwa mwingine: akaanza na "Shikamoo, bibi," akavuta pazia, akaomba ruhusa, akangoja ajibiwe. Kesho yake kijana yule yule alivuta pazia.

Wanaotaka mwenendo ufundishwe hueleweka vibaya, kana kwamba wanadai mihadhara zaidi. Wanachoomba ni kwamba anayeongoza raundi atambue kuwa anafundisha hata asipokusudia, na tarajali aliyekosea aambiwe faraghani, siku hiyo hiyo. Nami ningependa tathmini ya mwaka wake wa mazoezi isikilize pia kauli ya muuguzi wa zamu ya usiku, kwa kuwa ndiye anayempigia simu saa nane, na ndiye anayejua kama alikuja.