Bodigadi wa kilo 118 na koti la kung'aa

Mi kazi yangu ya kila siku ni kupakua saruji Birere, hapa Goma, Kongo, na barua yangu ya kuombea kazi ni huu mwili, kilo 118, shingo hakuna. Ndo maana 2019 manaja mmoja alipokuwa anatafuta bodigadi wa msanii wake aliyekuja kupiga shoo Goma hakuniuliza hata jina, aliuliza tu kama nina suti nyeusi. Nikasema ninayo. Sikuwa nayo. Nikaazima kwa shemeji ile aliyoolea, na shemeji yangu ni mtu wa mifupa mitupu, koti likakubali kifungo kimoja tu na hicho kimoja nacho kilikuwa kinalia kila nikipumua.

Msinicheke, nilijiandaa. Kuna jamaa aliyewahi kulinda wanamuziki Kinshasa alinifundisha kwa simu nusu saa nzima. Usiangalie sura za watu, angalia mikono, sura haijawahi kurusha chupa. Kaa hatua moja nyuma ya bosi, kidogo pembeni. Gari ligeuzwe mapema, pua iangalie geti. Na kitu kikitokea usianze ngumi za kijinga, mshike bosi, mfunike, mwondoe. Asichoniambia ni kwamba muda mwingine wote wewe ni kabati. Saa sita za mchana zilinikuta nina simu tatu za bosi mifukoni, taulo begani, wigi la dansa mkononi, na tayari nimewapigia mashabiki picha kuliko mpiga picha wa harusi.

Alafu akaja fundi cherehani.

Mzee mfupi, tepu ya kupimia shingoni. Inaonekana sanduku la bosi lilipotelea safarini, ikabidi ashonewe koti la steji kwa siku mbili, koti jeusi limejaa vile vidude vya kung'aa, ukilitikisa kwenye mwanga linafanya kama sambaza, vile visamaki vidogo, wametoka ziwani sasa hivi. Zuri kweli, sidanganyi. Tatizo hawakulilipa.

"Mtoto wangu, niko nalomba feza yangu, dola 80."

"Mzee, bosi amelala. Pita kesho."

"Kesho njo anapanda ndege."

"Basi pita saa kumi."

Saa kumi nikamwambia bosi anaoga. Saa kumi na mbili nikamwambia bado anaoga, akaniangalia tu. Manaja akanituma nimwambie bosi ana wazo zuri zaidi ya hela, atamtupia libanga, yani katikati ya wimbo ataita jina lake mbele ya watu wote, na kuna matajiri wanalipa maelfu ya dola kwa hiyo kitu. Mzee akauliza, libanga si maana yake ni jiwe? Nikasema ndiyo, kwa Kilingala. Akanyoosha kidole chini, kwenye yale mawe meusi ya volkeno tuliyokuwa tumesimama juu yake, akasema, "Goma mawe tuko nayo ya kutosha tangu volkeno ilipuke 2002. Mi nataka dola."

Akaondoka. Nikajisifu kwamba nimemshinda.

Saa tatu usiku ukumbi wa Himbi umejaa, bosi yuko steji, namwona mzee anaingia na tiketi halali, amevaa koti lilelile! Alishona la pili na vitambaa vilivyobaki, eti watu waone nani ni fundi na nani ni mdeni. Akaja kusimama pembeni ya steji, mita mbili kutoka kwa bosi, mikono kifuani. Nikakumbuka somo, nikaangalia mikono, haina chupa. Tiketi anayo. Nikamwacha.

Wimbo wa nne umeme ukaenda. Jenereta ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Giza la Goma bila mwezi mnalijua, watu wakaanza kupiga mayowe na kupanda steji, na mimi kichwani ni kitu kimoja tu: mshike, mfunike, mwondoe. Nikapapasa. Mkono ukagusa magamba ya sambaza. Nikambeba kwapani kama mfuko wa saruji, nikasikia paaaa, nikadhani ni risasi, kumbe ni mgongo wa koti la shemeji, nikakanyaga mawe ya ule uwanja na viatu vya kuazima hadi kwenye gari, nikamtupa ndani, nikamlalia juu na kilo zangu zote. Dereva twende!

Tulikuwa tumeshapita sanamu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, nikasikia sauti kutoka chini ya tumbo langu, ya upole kabisa:

"Sasa, njo munanipeleka fasi feza iko?"

Nikawasha tochi ya simu. Tepu ya kupimia.

Kupiga simu nimpigie nani? Simu zote za bosi nilikuwa nazo mimi. Zilikuwa zinaita zote tatu, manaja anamtafuta bosi wake ndani ya suruali yangu. Tukafika hoteli, mlinzi wa geti akaona koti akapiga saluti, wahudumu wakaleta samaki mzima na ndizi za kukaanga chumbani, na mzee hakumsahihisha mtu, akakaa akala. Alipomaliza akanawa mikono, akaangalia mgongo wangu, akasema vua. Akatoa sindano na uzi mfukoni akaanza kushona.

Bosi alifika nusu saa baadaye na motari, yani dereva wa bodaboda, mkono mmoja wa koti umebaki kwa mashabiki, miwani hana. Alikuwa ameahidi kumlipa yule motari kwa libanga, motari akachukua miwani. Manaja naye akaingia nyuma anahema, eti umeme umerudi, watu hawajaondoka, wanataka shoo yao, na bosi atapandaje steji na mkono mmoja?

Wote tukamgeukia mzee. Koti zima lilikuwa liko mwilini mwake.

"Mbili," akasema, hata hakuinua macho kutoka kwenye sindano. "Dola 160."

Manaja akaanza kusema kuhusu libanga, bosi mwenyewe akamwambia anyamaze alipe. Wakahesabu pale kitandani, mzee akarudisha noti moja kwa sababu ilikuwa na tundu, akaletewa nyingine, ndo akavua koti. Wakashuka ngazi mbio na shoo ikaendelea mpaka karibu asubuhi, nimesikia ilikuwa kali, mi sikuiona, niliambiwa nibaki hotelini na malipo yangu yatajadiliwa. Bado yanajadiliwa.

Tukabaki mimi na mzee. Akakata uzi kwa meno, akanipa koti la shemeji, kazi safi huwezi hata kujua lilichanika.

"Dola tano," akasema.

Nikashika mifuko yote. Wigi la dansa.

"Mzee," nikamwambia, "pita kesho."