Nusu Yuniti Si Wizi

Tangu Kenya itoe kanuni za mwaka 2024 zinazowaruhusu wenye sola kuingiza umeme wa ziada kwenye gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, kuna hesabu moja inayowachoma watu: asilimia 50. Ukipeleka yuniti 10 mchana, unahesabiwa 5 kwenye bili. Waliofunga mitambo kwa mkopo wanauliza: jua ni la Mungu, paneli ni zangu, deni ni langu, kwa nini kampuni ya umeme, Kenya Power, imuuzie jirani yuniti yangu kwa bei kamili, mimi nipewe nusu? Huu, wanasema, ni wizi. Isitoshe, Sheria ya Nishati iliwaahidi mpango huu tangu 2019. Wamengoja miaka mitano.

Uchungu huo nauelewa. Ila nusu yenyewe, naona, imeeleweka vibaya.

Yuniti ya saa saba mchana hailingani na ya saa mbili usiku. Mchana, mvuke wa ardhini wa Olkaria, kule Naivasha, unazalisha umeme, na paneli za kituo cha sola cha Garissa nazo ziko kazini. Jioni jua limetua, kila nyumba imewasha taa na televisheni, na hapo ndipo mitambo ya dizeli ya Pwani inapohitajika. Mwenye sola asiye na betri huingiza umeme wakati upo wa kutosha, kisha huudai wakati unatafutwa kwa tochi. Gridi ndiyo betri yake, na aliyewahi kuulizia bei ya betri ya lithiamu anajua anasaidiwa kiasi gani.

Tena bei ya yuniti si ya umeme pekee. Ndani yake mna nguzo, nyaya, transfoma, mafundi wanaotoka usiku wa mvua, na umeme unaopotea njiani. Tukibadilishana yuniti kwa yuniti, mwenye paa kubwa kule Karen, mtaa wa matajiri Nairobi, anaweza kumaliza mwezi karibu bila bili, ilhali kila jioni anatumia laini ile ile. Nguzo hizo atazilipia nani? Mpangaji wa mtaa wa mabanda wa Mathare, asiye na paa lake. Leo anayetumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi anauziwa kwa bei nafuu kwa sababu watumiaji wakubwa wanambebea mzigo, na wenye uwezo wa kuweka sola wengi wao ni hao hao wakubwa. Ndiyo maana neno “wizi” linaniuma.

Nisichoweza kukitetea ni nusu isiyobadilika. Umeme wa paa la Nyali, Mombasa, saa nane mchana, viyoyozi vikinguruma, unaliwa pale pale mtaani bila kusafirishwa kutoka Naivasha. Ule wa Jumapili asubuhi, viwanda vimefungwa, hauna thamani hiyo. Kanuni imeutia wote kapu moja. Kiwango kingefuata saa na mahali: kidogo umeme ukiwa mwingi, kikubwa unapohitajika, hasa jioni. Aliyenunua betri, akahifadhi umeme wake hadi saa moja jioni ndipo auachilie, amepunguza dizeli inayochomwa Mombasa. Kumpa nusu sawa na asiye na betri ni kumwonea.