Anayesita kutoa pasiwedi ya waifai

Siku hizi mgeni huuliza pasiwedi kabla hajaletewa maji. Mwenye nyumba akisita kidogo tu, keshaitwa mchoyo.

Wanaomwita hivyo wana hoja, tusiwabeze. Intaneti ya nyumbani mara nyingi hulipiwa kwa mwezi kwa kasi fulani, kwa hiyo meseji mbili tatu za jirani haziongezi hata senti kwenye bili. Jirani huyo bando lake limekata na mwanawe anasubiri kupakua mtihani wa majaribio. Tumelelewa kuombana chumvi na moto. Waifai ina nini cha ajabu?

Ajabu yake ni kwamba chumvi ya kuomba huishia chunguni. Pasiwedi haiishi.

Ruta nyingi za majumbani bado zinatumia ulinzi wa WPA2, uliotoka mwaka 2004, na kwa mpangilio wa kawaida neno la siri ni moja kwa nyumba nzima. Ruta haimjui Shemeji wala rafiki wa Shemeji, inalijua neno. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, aliyeunganishwa anaweza kufungua mipangilio ya simu yake, akaonyesha msimbo wa mraba (QR), na mwenzake akaupiga picha akaingia. Uliyempa ni mmoja, na mwisho wa mwezi hujui wako wangapi. Ukitaka kumtoa mmoja inabidi ubadilishe neno kwa wote, kisha uzunguke nyumba nzima: televisheni, simu ya bibi, printa, kamera ya getini. Kuna wanaosema kizuie kifaa chake kwenye ruta. Sawa, ila ruta hukitambua kifaa kwa namba yake, na simu za sasa zinaweza kujipa namba nyingine na kurudi kama mgeni mpya. Nani ana muda wa kukimbizana nazo?

Hofu ya kuchunguliwa, kwa maoni yangu, hukuzwa mno. Ni kweli kwamba kwenye WPA2 mwenye pasiwedi akinasa mawimbi ya simu yako inapojiunga anaweza kusoma baadhi ya mawasiliano yako, na WPA3, ulinzi mpya zaidi wa mwaka 2018, iliziba tundu hilo. Lakini tovuti na programu nyingi leo husimba mawasiliano yake zenyewe, yaani huyageuza msimbo asioweza kuusoma mwingine.

Linaloninyima usingizi ni jina. Kwa kawaida, ukitazama kutoka nje, vifaa vyote vya nyumba hiyo vinaonekana kwa anwani moja ya intaneti, na mkataba una jina la mtu mmoja. Kijana wa chumba cha pili akimtapeli mtu mtandaoni, wa kwanza kugongewa mlango ni mwenye mkataba. Ataeleza, huenda ataeleweka, lakini siku yake imeshaharibika. Wanaomwita mchoyo hawatakuwapo kumsaidia kueleza.

Sheria nayo inaangalia ruhusa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inasema ni kosa kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na isivyo halali. Sasa aliyepewa pasiwedi na mtoto wa nyumba, au na mpangaji aliyehama, amepewa ruhusa na nani? Kulijua neno ni jambo moja, kukaribishwa ni jingine. Wa kuombwa ni mwenye mkataba, naye ana haki ya kuuliza ni ya nini na mpaka lini.

Hata hivyo, asiye na nia ya kunyima ana njia. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni wenye pasiwedi yake, unaokaa kando na vifaa vya nyumbani. Shida ya anwani moja inabaki, ila kubadilisha neno hilo kila mwezi hakumsumbui bibi. Vyuo vinavyotumia eduroam, mtandao wa waifai wa vyuo, vimekwenda mbali zaidi: kila mwanafunzi huingia kwa akaunti yake, na akimaliza masomo hufungiwa yeye peke yake, wenzake wakiendelea kusoma.